Mzoga, Majivu na Magadi

Nyati akifa katika nyika ya Amboseli, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, habari hufika angani kwanza. Tumbusi mmoja humwona kutoka juu, wa pili humwona mwenzake akishuka, na jua halijatua fisi wamekwisha kupata harufu. Asubuhi yake tumbo halipo. Siafu na funza husafisha mianya ya mbavu, na usiku wa pili fisi hurudi kuvunja mifupa ya mapaja kwa ajili ya uboho. Baada ya mwezi utakuta fuvu lenye pembe, taya upande mmoja wa kichaka, pingili chache za uti wa mgongo upande wa pili. Hapo ndipo jua na mvua huanza zamu yao.

Mwaka 1975 mtafiti wa Kimarekani, Anna Kay Behrensmeyer, alianza kupita katika nyika hiyohiyo akiorodhesha mizoga mmoja baada ya mwingine, kisha akawa anarudi kuangalia kila mmoja umefikia wapi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1978 alikigawa kifo cha mfupa katika hatua, kuanzia sifuri hadi tano. Mwanzoni mfupa bado una mafuta na vipande vya ngozi. Halafu hutokea nyufa zinazofuata urefu wake, ganda la juu likabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, nyuzi za ndani zikachomoza, na mwisho wake hubomoka ukiushika. Mifupa mingi ya wanyama wakubwa haikuhitaji zaidi ya miaka kumi na mitano hivi kufika huko. Ya sungura, au ya mtoto wa binadamu, huwahi zaidi.

Nimeanza na mzoga kwa sababu bila mzoga hatuwezi kuelewa jumba la makumbusho. Tunaposimama mbele ya fuvu la miaka karibu milioni mbili lililo ndani ya kioo, kinachotushangaza kwa kawaida ni ukale wake. Mimi hushangazwa zaidi na jinsi lilivyomponyoka fisi, kisha likaliponyoka jua, kisha mizizi, kisha mchwa, mpaka likafika mikononi mwa mtu aliyejua ni kitu gani. Taaluma inayofuatilia safari hiyo, kutoka kifoni hadi kwenye mwamba, ilipewa jina mwaka 1940 na Ivan Efremov, mtaalamu wa Kisovieti ambaye pia alikuwa mtunzi wa riwaya. Aliiita tafonomia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kaburi. Naliona jina hilo kuwa sahihi kuliko hata mwenyewe alivyoweza kujua, maana kila mfano nitakaoutaja hapa, wa mnyama au wa mtu, unarudi kaburini: kilichofunikwa mapema kimesalia, na kilichobaki wazi kimepotea.

Mfupa una sehemu kuu mbili. Takriban theluthi mbili za uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfati. Kinachobaki ni hasa kolajeni, protini inayoupa mfupa uwezo wa kujikunja kidogo bila kuvunjika. Bakteria hula kolajeni, na asidi huyeyusha madini. Ndiyo maana ardhi ya misitu minene ya mvua, kama ile ya bonde la Kongo, haitunzi mifupa: majani yanayooza yanaijaza asidi, na mnyama aliyefukiwa humo huyeyuka kama alivyoyeyuka jani. Meno hustahimili zaidi, kwa sababu enameli ni madini karibu yote, kiasi cha asilimia 96. Kuna viumbe wa kale tunaowafahamu kwa magego yao tu.

Ikitokea mzoga ukazama katika tope laini la ziwa, mto au ghuba, mambo hubadilika. Fisi hafiki, jua halifiki, na oksijeni ni kidogo mno kwa bakteria wengi. Kisha maji ya ardhini huanza kupita. Maji hayo yamebeba silika, chokaa, chuma na manganizi kutoka kwenye miamba, na mfupa, ambao kwa macho unaonekana mgumu na mzima, kwa kweli umejaa mifereji midogo iliyokuwa njia za damu. Madini hutua ndani ya mifereji hiyo, na mahali pengine huchukua hata nafasi ya mfupa wenyewe. Fikiria mkeka ambao kila mwaa mmoja ukichakaa huchomolewa na kupachikwa mwingine palepale. Baada ya muda mrefu hakuna mwaa hata mmoja wa zamani, ila mchoro ni uleule, na pale ambapo msusi wa kwanza alikosea, kosa bado lipo. Hicho ndicho kisukuku. Ukikishika utahisi uzito wa jiwe na ubaridi wa jiwe, lakini ukikiweka chini ya hadubini utaona njia za damu ya mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akiwa hai.

Katika Tanzania hakuna mahali panapoonyesha jambo hilo kwa ukubwa kama Tendaguru, kilima kilichoko Lindi, kiasi cha kilomita 60 kutoka bandarini. Miaka milioni 150 iliyopita eneo hilo lilikuwa ufuko wa bahari, lenye mabwawa ya maji ya chumvi na matope yaliyofunikwa na kufunuliwa na maji kujaa na kupwa. Dinosaria, mijusi wakubwa ajabu wa kale, walipita humo, na baadhi hawakutoka. Wachimbaji walikuta miguu ya nyuma imesimama wima ardhini, kama ilivyokuwa mnyama alipokwama. Sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeliwa au imeoza na kusombwa, ila ile iliyokuwa tayari ndani ya tope ilikuwa imekwisha kuokoka. Huyo mnyama alianza kuhifadhiwa kabla hajafa.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi huko. Kuanzia 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji, mwanzoni chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini ninapoisoma historia hiyo macho yangu hayatulii kwa Janensch. Yanamtafuta Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye jina lake ni kati ya machache ya Waafrika yaliyobaki katika kumbukumbu za kazi ile, wakati katika msimu mmoja walifanya kazi hadi watu 500. Hayo yalikuwa majira ya baada ya Vita vya Maji Maji. Kusini ilikuwa imechomwa mashamba, njaa ilikuwa imeua watu wasiohesabika, na waliosalia ndio waliofukua mifupa ya mijusi, wakaifunga kwa udongo, plasta na mianzi, na kuibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi mjini. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Mnyama mmoja kati ya hao, ambaye leo wataalamu humwita Giraffatitan, amesimama Berlin tangu 1937, na kimo chake leo ni mita 13.27. Huku nyumbani watu humwita kwa kifupi mjusi wa Tendaguru, na habari zake zimeulizwa bungeni zaidi ya mara moja: lini atarudi, na asiporudi Lindi itapata nini. Naamini wanaouliza wana haki ya kuuliza. Tope la Lindi lilimtunza kwa miaka milioni 150, na mabega ya watu wa Lindi yalimfikisha bandarini bila kupoteza mchoro wake.

Volkano hufanya kazi ya tope kwa haraka zaidi. Korongo la Oldupai, ambalo wageni waliliandika vibaya kuwa Olduvai, limepewa jina na Wamaasai kutokana na mkonge pori unaoota humo. Zamani palikuwa na ziwa, na milima ya volkano ya nyanda za Ngorongoro ilikuwa ikimwaga majivu mara kwa mara. Kila mmwago ulikuwa blanketi: ulifunika mifupa ya ufukweni, mawe yaliyochongwa, nyayo na vinyesi, na juu yake maisha yakaendelea mpaka blanketi la pili likaja. Majivu hayo yana faida nyingine. Ndani yake mna potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo kila blanketi limebeba saa yake.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa akitembea katika korongo hilo. Mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini kwa homa. Mary aliona kipande cha mfupa kikichungulia kwenye mteremko, kisha meno mawili. Fuvu lililotoka hapo lilipewa jina Zinjanthropus, na mwaka 1961 majivu yalipopimwa yalitoa umri wa takriban miaka milioni 1.75, wakati ambapo wataalamu wengi walidhani historia yote ya jamii ya binadamu haifiki hata nusu ya hapo. Jina lenyewe linatuhusu, kwa kuwa Zinj ndilo neno ambalo wanajiografia wa Kiarabu walilitumia kuita pwani yetu na watu wake. Mwaka 1965 fuvu lilirudishwa Tanzania, na lipo Dar es Salaam.

Mteremko ule alioutazama Mary ulikuwa umekatwa na maji ya mvua, na maji hayohayo ndiyo yaliyolifunua fuvu. Mifupa ya Oldupai ilikaa salama muda wote ilipokuwa gizani. Ilipofikiwa na mwanga, hatari ilianza upya, na hatua za Amboseli zikaanza kuhesabiwa tena kutoka sifuri. Angechelewa misimu michache ya masika, meno yale yangekuwa changarawe kwenye sakafu ya korongo. Hatuna njia ya kujua ni mafuvu mangapi yaliyotokeza na kusombwa katika karne ambazo hakuna mtu aliyekuwa akiyatafuta.

Kwa hiyo jicho la mtafutaji nalo ni sehemu ya uhifadhi, na Afrika Mashariki haijawahi kuwa na jicho kama la Kamoya Kimeu, Mkenya aliyefariki mwaka 2022. Agosti 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliokota kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ileile ya kokoto zilizokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa 108 ya kijana mmoja wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwili wake uliishia kwenye kinamasi. Wanyama waliokuja kunywa maji waliikanyaga mifupa na kuisambaza, ila walipoikanyaga waliizamisha pia. Katika mabaki ya umri huo mtafiti hushukuru akipata taya. Hapa palikuwa na mbavu, uti wa mgongo, mapaja, karibu mwili wote.

Kuna njia nyingine isiyohitaji mamilioni ya miaka wala kugeuka jiwe, na mpishi yeyote wa pwani anaifahamu. Papa hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani, akawa ng'onda. Bakteria wanahitaji maji. Ukiyaondoa maji wanakufa wao, na nyama inabaki. Watu wa Misri, kabla hata ya mafarao, walizika wafu wao katika mashimo ya mchanga jangwani. Mchanga wa moto ulifyonza maji yote ya mwili, na miili ya kutoka Gebelein, yenye zaidi ya miaka 5,000, bado ina nywele na kucha. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba tatizo lilianza pale heshima ilipozidi. Wakubwa walipoanza kuzikwa katika masanduku na vyumba vya mawe, mchanga haukuwagusa tena, na wakaoza. Hapo ndipo ufundi ulipobidi kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na jangwa bure.

Dawa kuu ya mafundi hao ilikuwa natroni, chumvi iliyochotwa katika bonde la Wadi El Natrun. Natroni si kitu kigeni kwetu hata kidogo: ni magadi. Ni jamaa ya magadi yale wanayotia akina mama katika maharage au makande yaive upesi, na yale yanayochanganywa na tumbaku kutengeneza ugoro, ambayo tangu zamani hukusanywa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Magadi na Natron. Mmisri aliyekufa alitolewa matumbo na ubongo, akafukiwa ndani ya magadi makavu mpaka maji yakaisha mwilini, kisha akapakwa mafuta na utomvu na kuzungushiwa vitambaa. Shughuli nzima, kwa desturi, ilichukua siku 70. Moyo waliuacha mahali pake. Hawakuwa wa kwanza duniani, kwani wavuvi wa Chinchorro, kwenye pwani kame ya Chile na Peru ya leo, walikuwa wakihifadhi maiti zao, pamoja na watoto wachanga, yapata miaka 7,000 iliyopita.

Miili hiyo iliyokaushwa imeacha alama hata katika Kiswahili, na alama yenyewe ni ya kutisha. Neno la Kiajemi na Kiarabu, mumiya, lilikuwa jina la lami nyeusi iliyotumiwa kama dawa. Watu wa Ulaya walipoona maiti za Misri zimekuwa nyeusi kwa utomvu, walidhani ni lami ileile, wakaziita kwa jina hilo, na kwa karne kadhaa maduka yao ya dawa yaliuza unga wa maiti zilizosagwa. Pwani yetu dawa hiyo nyeusi ilifika kwa jina la mumiani, ikapakwa mahali palipovunjika au kuyeyushwa katika samli na kunywewa. Kisha ikaja imani kwamba imetengenezwa kwa damu ya watu, na wakati wa ukoloni mumiani akageuka kuwa mtu: yule anayewinda wapita njia usiku ili awanyonye damu. Wazee wengi bado wanakumbuka kuonywa wasitembee gizani kwa sababu yake. Wengine wamecheka hofu hiyo. Mimi siwezi kuicheka, nikikumbuka kwamba miili ya watu ilisagwa kweli, ikauzwa kweli, na ikanywewa kweli na watu waliojiona wastaarabu.

Kaskazini ya dunia ina hazina zake, ambazo nitazipitia kwa haraka. Katika vinamasi vya Denmark, maji baridi yasiyo na oksijeni na asidi itokayo kwenye mimea yake huifanyia ngozi ya maiti kazi inayofanana na ile ya magome ya mikoko kwenye ngozi ya ng'ombe: huigeuza kuwa kitu kisichooza. Mwaka 1950 watu waliokuwa wakichimba udongo wa kuwashia moto walikuta mwanamume mwenye kitanzi shingoni, uso umetulia, ndevu fupi za juzi zikionekana, hata polisi wakaitwa. Alikuwa amekufa yapata miaka 2,400 iliyopita. Asidi ileile iliyoitunza ngozi ndiyo inayokula madini ya mifupa, na hivyo kinamasi huwa kinyume cha Oldupai: kinabakiza uso na kupoteza kiunzi. Barafu hubakiza vyote viwili. Mtu aliyepatikana milimani mpakani mwa Austria na Italia mwaka 1991 alikuwa na miaka 5,300, nguo zake mwilini, chakula chake cha mwisho tumboni. Mtoto wa mamothi, jamaa wa kale wa tembo, aliyeokotwa Siberia mwaka 2007 na mfugaji wa kulungu alikuwa na kope. Hazina hizo zinatoka sasa kwa sababu barafu inayeyuka, na kinachotoka bila kuonwa kinaoza mara moja.

Pwani yetu nayo ina kioo chake cha kuhifadhia, ambacho mababu walikiuza kwa frasila bila kujali sana kilichomo. Msandarusi ukijeruhiwa hutoa utomvu unaonata. Mbu, chungu au buibui akitua hapo hatoki. Utomvu hudondoka, hufukiwa na mchanga, huwa mgumu, na baada ya mamia au maelfu ya miaka mchimbaji huutoa ardhini ukiwa sandarusi. Katika karne ya 19 meli za Salem, Marekani, zilileta Zanzibar kitambaa cha merikani zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Ukiinua kipande safi kuelekea jua unamwona mdudu mzima, mbawa zake zimekunjuliwa, nywele za miguu zinahesabika. Mfupa mkubwa wa Tendaguru haukutunza hata chembe ya ngozi ya mwenyewe. Chozi la mti limetunza nywele za miguu ya mbu.

Joto ndilo adui ambaye Afrika haina pa kumkimbilia. Katika udongo ulioganda wa Siberia chembe za urithi za mamothi zimedumu zaidi ya miaka milioni moja. Kwetu molekuli hizo hukatikakatika upesi, na watafiti hulazimika kuzisaka katika meno na katika ule mfupa mgumu kupita yote unaozunguka sikio la ndani. Ndiyo maana matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalikuwa na uzito: kutoka pango la Mlambalasi, Iringa, zilipatikana chembe za urithi za mtu aliyeishi takriban miaka 18,000 iliyopita, miongoni mwa za kale zaidi za binadamu zilizowahi kusomwa kusini ya Sahara. Kwa Mtanzania jina Mlambalasi lina maumivu yake. Hapo ndipo Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipojitoa uhai mwaka 1898 asishikwe na Wajerumani, na ndipo mwili wake ulipozikwa bila kichwa. Fuvu lilipelekwa Ujerumani na halikurudi Kalenga mpaka 1954. Mwamba mmoja umemtunza mtu asiye na jina kwa miaka 18,000. Mtu mwenye jina linalojulikana na taifa zima, wanadamu walimtawanya ndani ya miaka michache.

Lakini wanadamu hufanya na kinyume chake, na ushahidi wa zamani zaidi wa hilo katika bara letu uko Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje waliona shimo dogo la duara lililochimbwa kwa makusudi, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya sasa ya pango. Mifupa iliyokuwa ndani ilikuwa imeoza kiasi kwamba ikiguswa inakuwa unga. Waliufunika udongo wote kwa plasta, wakautoa ukiwa bonge zima, wakaupeleka Nairobi na hatimaye Burgos, Uhispania, ambako ulichambuliwa taratibu kwa mashine na kwa sindano. Mwaka 2021 walitangaza kilichomo: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wakamwita Mtoto, kwa Kiswahili, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya bega na mbavu za juu ilibanwa kwa namna inayoonyesha kwamba alikuwa amefungwa ndani ya kitu, ngozi au majani. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo, jinsi kinavyoinama pale mto uliokuwa chini yake unapooza na kuacha nafasi. Sanda na mto vyenyewe havipo. Vimesomwa kutokana na namna mifupa ilivyoanguka viliposhindwa kuishikilia tena. Nimehudhuria mazishi mengi ya pwani, nimeona maiti ikilazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, na sidai kwamba kuna mnyororo unaounganisha kaburi hili na lile. Kati yao kuna miaka ambayo hakuna desturi inayoweza kuivuka. Ila najua namna mikono inavyotulia inapokiweka kichwa cha mtoto, na kwamba mtu aliyeweka mto ule hakufikiria makumbusho. Alichotaka ni fisi asimfikie. Kwa kuwa alichimba na kufunika mara moja, mwanawe amekuwa mtu wa kwanza tunayemjua katika Afrika nzima ambaye wenzake walimzika.

Uhifadhi wa mwisho ninaotaka kuuzungumzia hauna mfupa. Huko Laetoli, kusini ya Oldupai, mahali palipopewa jina na Wamaasai kutokana na ua jekundu, volkano ilimwaga majivu membamba miaka milioni 3.66 iliyopita. Mvua ya rasharasha ikanyesha. Matone yake bado yanaonekana. Majivu yalikuwa na chumvi za aina ya kaboneti, yakilowa na kukauka hushika kama saruji. Kati ya mvua na jua wakapita tembo, twiga, kanga, sungura, farasi wa kale mwenye kwato tatu, na viumbe kadhaa waliotembea kwa miguu miwili. Kisha volkano ikamwaga tena, ikafunika yote. Nyayo za wanyama zilionekana kwanza mwaka 1976. Mwaka 1978 Paul Abell, wa timu ya Mary Leakey, aliona alama ya kisigino. Ndibo Mbuika akaendelea kufukua na kukuta nyayo mbili, moja kubwa na moja ndogo. Mstari mzima ulikuwa wa mita 27 hivi, na kidole gumba cha mguu kilielekea mbele kama chetu. Mwaka 2015, wakati mashimo ya majaribio yakichimbwa kwa ajili ya jumba jipya la makumbusho, timu iliyoongozwa na Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuta nyayo za watu wengine wawili katika majivu yaleyale.

Baada ya kupimwa na kunakiliwa, nyayo za 1978 zilifunikwa kwa mchanga wa mtoni na mawe. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu ziliota, na kufikia miaka ya 1990 mizizi ilikuwa ikishuka kuelekea kwenye majivu. Serikali ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani wakafukua tena, wakaondoa mizizi kidogo kidogo, wakatibu nyufa. Palikuwa na mapendekezo ya kujenga paa na kuacha nyayo wazi zitazamwe, hata ya kuzikata na kuzihamishia mjini. Yote yalikataliwa. Waliamua kuzizika: mchanga uliochekechwa mbegu zote, vitambaa vya kuzuia mizizi, mchanga tena, udongo, na juu kabisa mawe ya volkano. Wageni wakienda Oldupai huonyeshwa nakala.

Wazee wa Kimaasai walihusishwa, maana mifugo yao ndiyo inayopita hapo na wao ndio walinzi wa karibu. Mwaka 1996 kiongozi wao wa dini aliongoza baraka mahali pale, kondoo akachinjwa, kazi ya kufukia ikamalizwa. Ukifika leo huoni nyayo. Unaona kichuguu kirefu cha mawe meusi, majani mafupi yanayoota pembeni, na ng'ombe wanaozunguka mawe hayo kwa sababu ni makali kwenye kwato.